Shule zikifungwa na kliniki ikiogopwa: tuwalinde vipi watoto wadogo wasidhoofike?

Swali: Hujambo daktari? Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii huku Ganze, Kaunti ya Kilifi, na nina nyumba zaidi ya tisini ninazozitembelea. Wakati wa korona kina mama waliacha kuja kliniki, shule zikafungwa, na waume waliokuwa hotelini Malindi na Watamu wakarudi nyumbani mikono mitupu. Watoto wawili wa eneo langu walilazwa wakiwa wamekonda kupita kiasi, na mmoja hakurudi. Mwaka 2024 tuliposikia mpox imeingia Taveta, nilianza kuyasikia tena maneno yale yale: "Nitakuja kliniki hii ikipita." Ukija ugonjwa mwingine wa dunia nzima, nianzie wapi ili watoto wadogo wasidhoofike? Na mama akiugua, anyonyeshe au aache? Bajeti sina, nina miguu yangu na simu.

Jibu:

Dada yangu, pole sana kwa mtoto mliyempoteza. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu siku ugonjwa utakapoingia wewe ndiye utakayekuwa karibu na milango ya nyumba hizo kuliko sisi wa maofisini.

Anza na kupima. Najua mwenye njaa hashibi kwa kupimwa. Lakini chakula cha msaada kikifika kijijini kabla hamjajua ni mtoto yupi anayedidimia, kitagawanywa kwa foleni na kwa kujuana na mzee wa kijiji. Mtoto wa miezi kumi na minne anayepungua kilo hana wa kumsemea kwenye foleni hiyo, hasa kama mama yake ni mgeni pale au ana haya.

Tukumbuke mambo yalivyokwenda. Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona Machi 13, 2020. Shule zikafungwa Machi 16, kafyu ikaanza Machi 27, na Aprili 8 Kilifi, Kwale na Mombasa zikafungwa: hatoki mtu, haingii mtu. Virusi vyenyewe viliwapitia watoto wadogo kwa wepesi kuliko wazee. Kilichowaumiza kilikuja kwa njia nyingine: mshahara wa baba umekatika, soko limefungwa, mama anaiogopa zahanati, na kaka na dada wote wako nyumbani mchana kutwa. Mwezi Mei mwaka huo watafiti walikadiria kwamba katika nchi 118 za kipato cha chini na cha kati, huduma za kawaida za mama na mtoto zikipungua hata kwa kiasi kidogo tu, watoto zaidi ya 250,000 wa ziada wangekufa ndani ya miezi sita. Julai wengine wakakadiria kuwa watoto milioni 6.7 zaidi ya kawaida wangeingia kwenye ukondefu mwaka huo. Kuyahakikisha makadirio hayo kulikuwa kugumu, maana tafiti za nyumba kwa nyumba za uzito na urefu zilisimamishwa karibu kila nchi. Wakati watoto walipohitaji kuonekana kuliko wakati wowote, mizani iliwekwa kabatini. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, na ndiyo sababu nakwambia anza na kupima.

Ndugu zetu wa Kivu, mashariki mwa Kongo, walilipitia hili kabla yetu. Ebola ilitangazwa huko Agosti 1, 2018, ikatikisa Mangina, Beni na Butembo, na ilipotangazwa kuisha Juni 25, 2020 ilikuwa imeua watu 2,287. Macho ya dunia yalikuwa huko, na ilistahili. Lakini kipindi hicho hicho surua ilikuwa inapita Kongo nzima, na kufikia Januari 2020 ilikuwa imeshaua watu zaidi ya 6,000 tangu mwaka 2019 uanze, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano. Surua ikimkuta mtoto aliyekwisha kudhoofika humfikisha pabaya haraka. Anayepona naye hubaki amekonda, akiba yake ya vitamini A imekwisha, na macho yamo hatarini. Kwa hiyo habari za ugonjwa mpya zikitangazwa redioni, swali lako la kwanza liwe hili: hapa kwetu ni huduma gani ya kawaida iliyosimama?

Mara nyingi ya kwanza kusimama ni sufuria ya shule. Watu hudhani chakula cha shule ni habari ya mwanafunzi peke yake, kumbe ni ya mdogo wake pia. Mtoto wa darasa la tano akila githeri shuleni saa saba, sufuria ya nyumbani imepungukiwa na mlaji mmoja. Shule ikifungwa, unga ni ule ule na walaji wameongezeka. Mkubwa ana mkono mrefu na hula haraka. Wa mwaka na nusu hula polepole, huchezea tonge, husinzia katikati, na akizinduka sinia limeshafutwa. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilihesabu watoto milioni 370 waliokosa mlo wa shule mwaka 2020. Ndugu zao wadogo hawamo katika hesabu hiyo. Na kufungwa kwenyewe kunaweza kuwa kwa muda mrefu: kwetu wanafunzi wote walirudi Januari 2021, Uganda walingoja mpaka Januari 2022.

Hapa kuna mambo mawili unayoweza kuyafanya bila shilingi. La kwanza ni kumwendea mwalimu mkuu na kamati ya wazazi sasa hivi, shule ikiwa wazi, mkubaliane kwamba siku milango itakapofungwa, mahindi na maharagwe yaliyomo stoo yatatolewa kama mgao wa kupeleka nyumbani. Ombeni kibali cha ofisi ya elimu mapema, mkiweke kwenye faili. Kibali kikianza kutafutwa wakati wa kafyu, fukusi watakuwa wameshamaliza gunia. La pili ni dogo, nami nalithamini sana: kila mtoto wa chini ya miaka miwili awe na sahani yake, apakuliwe wa kwanza, na mtu mmoja mkubwa akae naye mpaka amalize. Hapo mama anaona kwa macho yake mtoto amekula kiasi gani. Kwenye sinia la pamoja hilo halijulikani.

Kinachofuata ni kliniki. Mama anayesema "hii ikipita" hana ujinga wowote. Ameambiwa redioni abaki nyumbani, na ameona wahudumu wamevaa kama wanaoenda vitani. Ukimwambia tu "usiogope, njoo", hujamsaidia. Mpe utaratibu anaoweza kuushika: Jumatano asubuhi ni watoto wa chanjo na mizani peke yao, wenye homa na vipele wanaonwa upande mwingine, benchi zimetengana, na hachukui zaidi ya saa moja. Kaa na muuguzi wa zahanati mpange hivyo mapema, kisha wewe uwatumie kina mama ujumbe wenye siku na saa. Mtoto akikosa mizani mwezi mmoja, tunaweza kufidia. Chanjo ya surua na vitamini A hazingoji. Matone ya vitamini A, yale ya kibonge cha bluu chenye uniti 100,000 kwa wa miezi 6 hadi 11 na chekundu cha 200,000 kwa wa mwaka 1 hadi 5, hutolewa kila baada ya miezi sita, na kwetu msukumo mkubwa huwa wiki za Malezi Bora, zile za kitaifa za afya ya mama na mtoto, Mei na Novemba. Wiki hizo zikiahirishwa, uliza tarehe mpya siku hiyo hiyo. Na kumbuka kliniki hufungwa kwa sababu nyingine pia: Desemba 2020, janga likiwa limepamba moto, wauguzi wa Kenya waligoma hadi Februari. Mama aliyeambiwa "rudi wiki ijayo" mara tatu, ya nne harudi.

Sasa utepe wa rangi tatu wa kupimia mkono, kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, kutoka 11.5 hadi chini ya 12.5 ni njano, kuanzia 12.5 kwenda juu ni kijani. Wewe unaujua. Ninachokuomba ni utoke mkononi mwako uingie mkononi mwa mama na bibi. Niger, katika eneo la Zinder, shirika la misaada ya tiba la ALIMA liliwafundisha kina mama kupima watoto wao wenyewe, kisha wakalinganishwa na wahudumu wa afya ya jamii. Kina mama walipima vizuri kama wahudumu, watoto wao waligunduliwa mapema zaidi, na wachache wakafikia kulazwa. Korona ilipoingia, nchi nyingi, Kenya ikiwemo, zilishika njia hiyo kwa kulazimika, kwa kuwa mhudumu alishauriwa asiwaguse watoto wa watu. Laiti kina mama wangekuwa na utepe tangu mwaka wa nyuma yake.

Kumfundisha mama hakumalizi nusu saa chini ya mwembe. Mtoto apakatwe, mkono wa kushoto uning'inie umelegea (akitumia wa kulia hakuharibiki kitu). Akadirie kwa jicho katikati ya bega na kiwiko, azungushe utepe, apitishe ncha tunduni, avute mpaka uguse ngozi pande zote bila kubana. Simama hapo umtazame vidole. Mama anayeogopa nyekundu huulegeza, na mama anayetumaini kupewa chakula huukaza. Mwonyeshe tofauti kwa ngozi yenyewe: ikikunjamana kando ya utepe, amebana, kidole chake kidogo kikipenya chini, amelegeza. Kisha asome rangi kwenye kidirisha. Nambari hana haja nazo. Arudie kila baada ya wiki mbili wakati wa hali ngumu, na akiona rangi imebadilika akutumie neno moja tu kwenye simu: njano, au nyekundu. Ukipokea neno hilo, huyo ndiye wa kumtembelea kesho.

Mfundishe na miguu. Abonyeze juu ya miguu yote miwili kwa kidole gumba, ahesabu mia moja na moja, mia moja na mbili, mia moja na tatu, aachie. Shimo likibaki miguu yote miwili, huo ni unyafuzi hata kama utepe ni kijani na mashavu yamejaa, na mtoto aende hospitali siku hiyo. Najua huko kwenu wapo watakaosema ni chirwa, kwamba baba au mama amevunja mwiko, na mtoto atafichwa chumbani kwa aibu. Usibishane na mtu mlangoni kuhusu chirwa. Mwambie bibi kwamba wakitaka kufanya ya kimila wafanye, lakini mtoto atangulie hospitali, kwa sababu damu yake haina sukari ya kutosha na joto la mwili linashuka, na hayo humaliza mtoto kwa usiku mmoja. Lengo lako ni mtoto atoke chumbani.

Rangi ikishajulikana, hatua inafuata. Mtoto mwekundu mwenye hamu ya kula na asiye na dalili za hatari hutibiwa nyumbani kwa chakula dawa, ile pakiti ya gramu 92 yenye kalori 500, iliyotengenezwa kwa karanga, maziwa ya unga, mafuta, sukari, vitamini na madini. Haichanganywi na maji wala haipikwi, ndiyo maana hata nyumba isiyo na kuni inaweza kuitumia. Tangu mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yanakubali matibabu hayo ya nyumbani. Kwa kawaida mama huja kuchukua kila wiki, na wakati wa korona mwongozo uliruhusu apewe za wiki kadhaa kwa mara moja ili asirudirudi. Utafiti uliofanyika Kenya na Sudan Kusini, uliochapishwa mwaka 2020, uliwapa wekundu pakiti mbili kwa siku na wa njano moja, wakipimwa kwa utepe, na watoto walipona sawa na wale wa utaratibu wa kawaida ulio mrefu zaidi. Dozi usipange wewe, hiyo ni kazi ya kliniki. Lakini muulize mratibu wa lishe wa kaunti ndogo yenu kama utaratibu huo mwepesi umeandaliwa kwa siku ya dharura, na nani atatoa amri ya kuuanza. Na pakiti zikiisha zahanati, zidaini kama mnavyodai dawa ya malaria: tangu 2023 chakula dawa kimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Walio chini ya miezi sita ndio tunaowasahau zaidi. Watu hudhani wanaonyonya hawakondi. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, hapo Kilifi mjini wamefanya kazi kubwa juu ya watoto hawa, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2023 sasa unautambua mkono wa chini ya sentimita 11, kwa mtoto wa wiki 6 hadi miezi 6, kuwa ishara ya hatari. Hata usipopima, tazama: ananyonya kwa nguvu au anaachia ziwa na kulia? Anakojoa mara sita au zaidi kwa siku? Kisha mtazame mama mwenyewe, umuulize amekula nini tangu jana. Katika nyumba nyingi mama ndiye anayekula mwisho, na hilo halisemwi mpaka aulizwe akiwa peke yake.

Umeuliza kuhusu kunyonyesha mama akiwa mgonjwa. Jibu hubadilika kulingana na ugonjwa, na hapa ndipo uvumi huua. Kwa korona Shirika la Afya Duniani lilisema tangu mwanzo: mama aendelee kunyonyesha, avae barakoa, anawe mikono kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto, wala wasitenganishwe. Akizidiwa hata hawezi kumshika, akamuliwe maziwa na mtu mzima wa afya amnyweshe mtoto kwa kikombe. Kwa kipindupindu, aendelee. Kwa mama mwenye virusi vya UKIMWI anayetumia dawa zake vizuri, aendelee: maziwa peke yake miezi sita, kisha na vyakula vingine. Kwa Ebola ni tofauti kabisa. Mama mgonjwa au anayeshukiwa huacha, mtoto hupewa maziwa mbadala chini ya uangalizi na hufuatiliwa kwa karibu, na mama harudi kunyonyesha mpaka maziwa yake yapimwe na kuonekana salama. Kwa mpox, ambayo huenea kwa kugusana ngozi, uamuzi hufanywa kwa kila mama na mtoto wake, kwa kutazama vipele viko wapi, hali ya mama ikoje na kama nyumbani kuna njia nyingine iliyo salama. Kwa hiyo ugonjwa mpya ukitajwa, siku ya kwanza kabisa muulize muuguzi: kuhusu kunyonyesha, agizo ni lipi? Pata jibu la maandishi, usilichukue kwenye kundi la WhatsApp.

Maana agizo likikosekana, pengo hujazwa haraka sana na maziwa ya kopo. Katika kila janga hutokea mtu mwema anayeleta katoni za maziwa ya watoto. Kenya ina sheria ya mwaka 2012 inayodhibiti vibadala vya maziwa ya mama, nayo inafuata kanuni za kimataifa za mwaka 1981, hivyo maziwa hayo hayagawanywi ovyo barazani. Fikiria mwenyewe: maji ya bwawa, kuni za kuokota, chupa isiyochemshwa, na kopo linalochanganywa jepesi ili lifike mwisho wa mwezi. Baada ya wiki mbili ziwa la mama limepungua, na katoni haiji tena. Wakikuletea, pokea kwa heshima uwaelekeze kwa afisa wa lishe, ambaye ana watoto wachache wanaoyahitaji kweli: yatima wa siku za kwanza, au wa mama aliyezuiwa na daktari.

Sasa chungu cha nyumbani. Kaunti yenu iliongoza Kenya nzima kwa udumavu, yaani ufupi usiolingana na umri, katika utafiti wa kitaifa wa 2022: asilimia 37 ya watoto wa chini ya miaka mitano, wakati wastani wa nchi ulikuwa 18. Mtoto aliyekwisha kudumaa huingia kwenye janga bila akiba. Tatizo ninaloliona mara nyingi ni uji. Mama akikosa unga huongeza maji, na mtoto anajazwa tumbo kabla mwili haujapata kitu. Tumbo la mtoto wa miezi minane ni la kikombe kimoja cha chai, kwa hiyo kilichomo ndani ya kikombe hicho ndicho muhimu. Mwambie mama ainue kijiko: uji ukimiminika kama chai, bado. Uteleze polepole na kubaki kwenye kijiko. Kisha aongeze kimoja kati ya vilivyopo: njugu zilizotwangwa, simsim, dagaa waliosagwa na kuchekechwa, tui la nazi zito, yai. Kunde zilizopondwa zikatolewa maganda, na mchicha au mnavu uliokatwa mwembamba ukatiwa dakika za mwisho, mtoto wa miezi saba anavila bila shida. Wa miezi 6 hadi 8 ale mara mbili au tatu kwa siku, wa miezi 9 hadi 23 mara tatu au nne, na ziwa liendelee mpaka miaka miwili na zaidi. Papai na embe msimu wake ukifika visiuzwe vyote sokoni.

Njugu na mahindi yenye ukungu yatupwe, hata wakati wa njaa. Nalisema hili kwa mkazo, kwa sababu shida inapobana watu hula kilichoharibika. Mwaka 2004 huko Ukambani mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu yaliota kuvu wenye sumu: watu 317 waliugua, 125 wakafa, na watoto walikuwemo. Kuosha hakuondoi sumu hiyo, wala kupika hakuiondoi.

Mtoto akiharisha, apewe ORS, ile chumvi na sukari ya pakiti inayoyeyushwa kwenye maji, na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, na chakula kisisimamishwe. Wapo bado wanaomfungia mtoto chakula "tumbo lipumzike". Akipona, aongezewe mlo mmoja kila siku kwa wiki mbili. Hapo ndipo anaporudisha kilo alizopoteza, na wengi hulisahau kwa sababu kilio kimeisha.

Nakiri kwamba sahani, utepe na uji mzito havimtoshi mama asiye na senti. Pakiti ya chakula dawa ni ya mgonjwa mmoja, lakini katika nyumba yenye njaa itagawanywa, na mimi siwezi kumlaumu mama anayemegea mtoto wa pili anayemtazama. Kwa hiyo fuatilia pesa kama unavyofuatilia rangi. Mwaka 2020, kuanzia Machi hadi Desemba, ada ya kutuma M-Pesa isiyozidi shilingi 1,000 iliondolewa, na aliye Mtwapa akaweza kumtumia mama yake shilingi mia mbili zikafika zote. Hatua za namna hiyo zikitangazwa, zipeleke nyumba kwa nyumba siku hiyo hiyo. Na kuna Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa pesa wasiojiweza: wazee wa miaka 70 na zaidi, yatima na wenye ulemavu mkubwa hupata shilingi 2,000 kwa mwezi. Ninaamini katika nyumba zako tisini wapo mabibi wanaolea wajukuu watatu na hawajawahi kuandikishwa, kwa sababu ya kitambulisho kilichopotea au jina lililokosewa herufi. Kulinyoosha jina hilo sasa kutamlisha mtoto mwaka wa shida kuliko mgao wowote.

Ukishindwa kufika kote, hizi ndizo nyumba za kuanza nazo, zitie alama kwenye daftari lako leo. Bibi anayelea peke yake. Pacha. Mama aliye bado msichana wa shule: hawa huwa wengi zaidi shule ikifungwa. Mtoto aliyetoka kwenye matibabu ya ukondefu ndani ya miezi sita iliyopita, kwa kuwa hurudi chini upesi. Mtoto ambaye mama yake ni mjamzito tena na amemwachisha ziwa ghafla. Na mtoto mwenye ulemavu, hasa yule mwenye mtindio wa ubongo anayetafuna na kumeza kwa shida: huyu hulishwa amekaa wima, kichwa kimeinama mbele kidogo, vijiko vidogo, na mlo mmoja unaweza kula saa nzima. Nyumba ikiingia taharuki, saa hiyo ndiyo ya kwanza kukatwa. Mara nyingi wageni wakija yeye hubaki ndani, kwa hiyo mwulizie kwa jina.

Mwisho, dalili ambazo hazingoji asubuhi: mtoto hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amelegea au hazinduki, anapata degedege, anapumua kwa kuvuta mbavu, au amekuwa baridi mwilini. Wakati wa kafyu ya 2020 wenye boda wengi waliogopa kutoka usiku. Ongea na wawili watatu sasa, mbele ya chifu, mkubaliane nauli na barua ya kupitia kizuizini kwa ajili ya mgonjwa, na namba zao ziandikwe ukurasa wa kwanza wa daftari na kwenye simu ya kila mama mwenye mtoto aliyeko kwenye njano au nyekundu.